Mbuzi Asiye na Kamba

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na sipendi watu wanaolia kwa sababu ya vitabu. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba mtu ninayemsifu hapa sikuanza kumsifu jana, wala sikumsifu kwa urahisi.

Kwa miaka kumi na tisa, kati ya darasa langu na la Gertrude pamekuwa na ukuta wa triplex tu, ile mbao nyembamba ambayo mwanafunzi akipiga chafya upande wa pili, wangu wanamwitikia "santé!" Mimi hufundisha hesabu, yeye Kifaransa na historia. Kwa hiyo bila kutaka, nikiwa na chaki mkononi, nimesomeshwa upya kupitia mbao. Nimesikia habari za binti wa mfalme aliyetolewa kwa adui wa baba yake ili vita vikome. Nimesikia za mrithi wa kiti aliyependa bustani kuliko upanga, wakamvika taji kwa nguvu. Nimesikia pia za machifu wa huku kwetu waliotoa dada zao ili wapate njia ya kupitishia shaba na chumvi. Na kila hadithi ikifika mwisho, wanafunzi wakishaandika tarehe na majina, Gertrude huuliza swali lile lile: "Na yeye, alikuwa anataka nini?"

Wanafunzi walimpa jina, Madame Anataka-Nini. Mimi swali hilo lilikuwa likinikera. Niliona ni kupoteza muda. Mtu amekufa miaka mia tatu iliyopita, alichokitaka kinatuhusu nini? Siku moja nilimwambia hivyo kwenye chumba cha walimu. Akanijibu taratibu, huku akimenya chungwa, "Prof Augustin, mu bitabu ya zamani muntu iko na milango mbili tu. Anatii, ao anakufwa. Minye niko natafuta kama kuko mulango ingine."

Nilidhani anazungumzia vitabu.

Gertrude ana miaka arobaini na minne na hajaolewa. Anaishi Shituru, katika zile nyumba za zamani za wafanyakazi karibu na reli, vyumba viwili, makasha ya mbao yamepangwa ukutani hadi darini na yamejaa vitabu. Jumapili akitoka misani hupika maharage, huweka miguu ndani ya beseni la maji, na husoma hadi giza liingie. Basi. Hakuna siri. Wanaume wawili wenye adabu zao waliwahi kuleta posa, akawapa chai, akawashukuru, wakarudi walikotoka. Mji haukukubali kwamba mambo ni mepesi kiasi hicho. Watu wakamtungia mchumba aliyefukiwa na udongo katika mgodi wa Shinkolobwe alipokuwa akichimba kwa wizi. Wengine walimpa hata jina huyo mchumba, na sura, na mwanya kwenye meno. Hakuwahi kuwepo. Gertrude alitaka kuishi peke yake na vitabu vyake, na katika mji wetu hamu ya namna hiyo kwa mwanamke haina hata jina, ndiyo maana kila mtu alikuwa anaitafutia ugonjwa.

Aliyemkinga ni dada yake mkubwa, Berthe. Berthe alikuwa kifungua mimba, Gertrude kitindamimba, na kati yao palikuwa na miaka kumi na saba. Mama yao alipofariki, Berthe ndiye aliyemlea mdogo wake kwa kuuza samaki wa kukausha katika soko la Kikula, akamsomesha hadi akapata diploma. Kila mwanzo wa mwaka ukoo ulipokutana, kaka yao Clovis, anayemfuata Berthe kwa kuzaliwa, alianzisha tena suala la Gertrude: lini, na nani, na kwa nini bado. Kila mara Berthe alisema neno moja bila kuinua macho kutoka kwenye bukari, ugali wake: "Gertrude, mumuache." Naye ndiye mkubwa. Likaisha.

Sasa lazima nieleze mimi naingiaje, maana kosa ni langu. Ukoo wao ni wa mbuzi, wetu ni wa chui. Mababu walikubaliana zamani kwamba chui na mbuzi wataniane na wazikane. Kwenye kilio chao mimi nina ruhusa ya kulala juu ya mkeka wa wafiwa, kudai nyama, kumwita marehemu mvivu, na hakuna wa kunikasirikia. Mtani ndiye anayewatoa watu kwenye machozi. Ni kazi, na mimi naiweza kuliko ninavyoweza hesabu, kama mke wangu Orpa anavyopenda kusema.

Berthe alikufa mwezi wa tatu, kwa ile tensheni, presha ya damu, iliyokuwa ikimsumbua muda mrefu. Alimfia mume wake mikononi. Mumewe, Mathieu, ni fundi umeme mstaafu, mtu mpole ambaye ukimsalimia hufikiri kwanza ndipo ajibu. Siku ya tatu ya kilio, wazee wa ukoo wa mbuzi walikaa chini ya turubai kutafuta mtu wa kupyana. Kwao, aliyeoa au kuolewa akifa, ukoo lazima utoe mtu wa kuchukua jina lake na nafasi yake. Bila hivyo marehemu hatulii, mjane hayuko huru, na kila homa ya watoto inatafutiwa mwenye hatia. Wazee walikuwa wakivutana. Huyu ana mume, yule yuko Kolwezi, yule ni mtoto mno.

Mimi nilikuwa nimeshiba, na kicheko cha watu kilikuwa kimenipanda kichwani. Nikapaza sauti, "Bazee, munahangaika juu ya nini? Muko na mbuzi moja haina kamba!" Na kwa kidevu nikamwonyesha Gertrude, aliyekuwa akipita na viti viwili vya plastiki.

Walicheka wote. Hata Gertrude mwenyewe, akiwa na macho mekundu, alicheka. Clovis alicheka pia, lakini aliacha kabla ya wengine, akabaki akimtazama dada yake kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea.

Ulimi hauna mfupa. Kesho yake nilisikia kwamba wazee wameamua. Gertrude atapyana Berthe siku ya kuondoa kilio, mwezi wa tisa, na ataingia nyumbani kwa Mathieu kuwa mke wake. Ataacha nyumba ya Shituru. Na shule, alisema Clovis, tutaona, lakini nyumba yenye watoto wanne haitaki mwanamke wa kusahihisha madaftari.

Nilimwendea Clovis siku hiyo hiyo. Nilimwambia ule ulikuwa utani, naufuta. Alinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. "Prof, mutani hasemake bule ku kilio. Neno ya mutani hairudie mu kinywa." Nikamwambia basi mimi ni mtani mjinga. "Ile pia tunajua," akasema, na akaniletea kiti.

Kwa Gertrude nilikwenda nikiwa na aibu ya kutosha watu wawili. Nilimkuta anasahihisha. Nilipoanza kuomba radhi, alinikatiza. "Weye ulicheka tu, Prof. Kucheka haiko kosa. Bao njo banataka kunifunga." Kisha akaweka kalamu chini na kusema kile ambacho sikuwahi kumsikia akisema: "Minye naogopa."

Angeweza kukataa. Mchungaji Éphraïm, ambaye nusu ya ukoo wao husali kwake, alikuja mbio na Biblia kumwambia akatae mila ya mababu. "Dada Gertrude, ile bintu ya bankambo, kataa mu jina ya Yesu." Gertrude alimshukuru. Mchungaji hakuondoka, akakohoa, akasema kwamba katika kanisa lake kuna mzee mmoja wa heshima, amefiwa na mke, na Bwana amemwonyesha jambo. Gertrude akampa chai, kama wale wa kwanza. Huku kitanda cha Mathieu, kule kitanda cha mzee wa kanisa. Sijui ni nani aliyemuuliza kama ana usingizi.

Angeweza pia kukimbia, kuomba uhamisho aende Lubumbashi. Lakini kulikuwa na Jaël, kitinda wa Berthe, mwenye miaka kumi na minne, anayesoma darasani kwangu. Tangu kilio, mtoto huyo alikuwa akishtuka mlango ukigongwa. Alikuwa ameambiwa kwamba mama yake anazungukazunguka mpaka apate mtu wa kumpokea. Gertrude akikataa au akikimbia, mtoto atabaki na hofu hiyo, na Mathieu atabaki amefungwa kwa mke aliyekufa. Na Gertrude alimpenda Berthe. Watu husahau hilo wanapozungumzia mila. Mara nyingi anayebanwa nayo ni yule anayependa.

Mwezi wa nane, kwa kuwa dhamiri ilikuwa ikinikereketa, nilimpakia kwenye pikipiki yangu hadi chini ya milima ya Koni, kando ya mto Lufira, anakoishi Kambo Hortense, bibi yao, shangazi wa mama yao. Ni mkongwe mfupi, mkali, anayekausha samaki kwa moshi, na ndiye anayeongoza mambo ya kupyana katika ukoo ule. Alipojua mimi ni chui alinifukuza kwenye mkeka. "Chui haisikilizake siri ya mbuzi. Enda geuza samaki." Nikageuza samaki muda wa saa mbili, moshi ukinitoa machozi, wakati wao wawili wakizungumza ndani.

Kurudi, Gertrude alijishikilia nyuma yangu hadi tulipokaribia mjini. Ndipo akaniuliza sikioni, juu ya kelele za injini, "Prof, mu hesabu, jibu inatokaka wapi?"

"Mu données," nikasema. "Jibu haitokake inje. Iko mule mule mu bile bintu balikupatia."

"Aksanti," akasema.

Siku ya kuondoa kilio ilikuwa Jumamosi asubuhi, uani kwa Mathieu. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ulikuwa umechachuka vizuri, watu walijaa hadi barabarani. Clovis alikuwa ameshaleta godoro jipya, limeviringishwa na kufungwa kwa kamba, akaliegemeza mlangoni ili kila mtu alione. Nililitazama lile godoro na kamba yake, nikakumbuka utani wangu.

Gertrude aliketishwa mkekani. Kambo Hortense alimfunika mabegani kwa kikwembe cha Berthe, akampaka unga kwenye paji la uso, akampa kibuyu alichokuwa akinywea marehemu. Kisha akaita, "Berthe!" Kimya. "Berthe!" Kimya tena. Jaël alikuwa ameshika nguo ya baba yake. Mara ya tatu, "Berthe!"

"Niko," akasema Gertrude, na akanywa.

Wanawake wakapiga vigelegele. Clovis akasimama, akarekebisha koti, akaanza hotuba yake. "Basi, mudogo yangu, leo unaingia mu nyumba..."

"Clovis."

Hakusema Yaya Clovis. Tangu alipojua kusema, kwa zaidi ya miaka arobaini, alikuwa akimwita yaya, kama inavyotakiwa kwa kaka au dada mkubwa. Watu waliokuwa wakinong'ona walimgeukia.

"Clovis, ikala. Yaya yako angali anasema."

Clovis akamgeukia Kambo Hortense apate msaada, na yule mkongwe akapiga makofi mara moja, pa! "Ulisikia jina yenye niliita? Ule njo yaya yako. Ikala!"

Hapakuwa na kiti karibu. Clovis akakalia godoro.

Ndipo nilipoelewa, na nadhani kila mtu pale alielewa wakati mmoja. Kwa miaka mingi ukoo ule ulikuwa umepyanisha wadogo, wajukuu, watu wasio na sauti, hadi wakazoea kuiona mila kama njia ya kujaza kitanda. Walikumbuka kitanda, wakasahau kiti. Berthe alikuwa mkubwa wao wote. Anayevaa jina lake anavaa na ukubwa wake. Walimwendea kitindamimba wamfunge, na wao wenyewe, kwa unga wao na kibuyu chao, wakamweka juu ya vichwa vyao.

Alimwita Mathieu. Alimfunga ushanga mweupe mkononi, kama desturi inavyosema, akamshika kiganja.

"Mathieu, bwana yangu. Miaka makumi tatu na ine ulinichunga muzuri. Siku nilikufwa, haukunikimbia. Ninakushukuru. Leo ninakufungula." Akaufungua ushanga. "Uoe mwenye unataka. Batoto bangu, minye mama yabo, nitabachunga. Njo bile."

Mathieu alifikiri kwanza, kama kawaida yake. Kisha machozi yakamtoka, yeye ambaye hakulia mazishini. "Aksanti, Berthe," akasema. Nilivyomtazama, niliona mtu aliyetuliwa mzigo ambao hakuna aliyejua kwamba anaubeba, maana na yeye, jamani, hakuna aliyemuuliza.

"Niko na neno moja ya mwisho," akasema yule mwanamke mkekani. Akawatazama wote, Clovis wa mwisho. "Niko na mudogo yangu, anaitwa Gertrude. Iko mu nyumba yake ya Shituru na bitabu byake. Mwaka yote nilisema juu yake." Alikivuta kikwembe cha Berthe mabegani. "Ninasema tena. Mumuache."

Nimesema kwamba sipendi watu wanaolia kwa sababu ya vitabu. Nililia, na hapakuwa na moshi wa samaki wa kusingizia.

Lakini uani palikuwa kimya kibaya. Clovis alikuwa ameinamisha kichwa, na kimya kama kile kikikaa sana hugeuka kuwa chuki. Nikakumbuka kazi yangu. Nikapiga magoti, nikaweka mikono chini, nikatambaa kwa miguu minne hadi mkekani mbele ya watu wazima na wanafunzi wangu, nikainua shingo na kulia kama mbuzi. Chui analia mee! Jambo hilo halijawahi kusikika tangu mababu wapatane. Kambo Hortense alicheka hadi akashika mbavu, Jaël akacheka, na mwishowe lile godoro likaanza kutikisika chini ya Clovis. Na mtani akishachekwa, neno limepita, halirudi tena. Ni Clovis mwenyewe aliyenifundisha sheria hiyo.

Baadaye Gertrude aliniambia alichouliza kule Koni. Maswali yalikuwa mawili tu: anayepyana anapata nini cha marehemu, na anaweza kukifanyia nini. Kambo alimjibu, "Anapata byote," na akamwambia kwamba miaka yote hiyo aliyofanya kazi hiyo, yeye ndiye wa kwanza kuuliza. Nimewahi kuwa na wanafunzi werevu, lakini sijaona mtu aliyepewa hesabu ya kumwangamiza akaifumbua bila kufuta hata tarakimu moja ya waliyompa.

Msidhani aliipata bure. "Byote" ni vyote. Ni mama wa watoto wanne sasa, na si kwa mdomo. Jaël anakaa kwake Shituru, amepanga madaftari yake kwenye kasha lililokuwa la historia ya kale, na Jumapili beseni la maji lina miguu minne. Misiba ya ukoo inamngojea yeye aseme. Mwaka jana Mathieu alioa mjane mmoja wa mtaa wa Panda, Carmen, na ilibidi Gertrude avae kikwembe cha dada yake aende kumkabidhi bwana, kama mke mkubwa, kwa heshima zote. Clovis humwita yaya, humletea kiti na hununa. Amesoma vitabu vichache kuliko alivyotaka. Ana mvi ambazo hakuwa nazo.

Kuna jambo moja ambalo sikulifikiria hadi aliponiambia mwenyewe, jioni ya ile Jumamosi, watu walipokuwa wakikunja mikeka. Alikuwa bado na unga kwenye paji la uso. Shuleni yeye ni Madame. Nyumbani, kuanzia siku ile hadi atakapokufa, kila mwenye damu yake atamwita Berthe. Mila haina njia ya kurudi nyuma hapo, aliyeitikia ameitikia.

"Weye tu," akaniambia. "Weye ni mutani, hakuna muntu anaweza kukukataza. Uniite Gertrude, Prof. Kila siku. Na nguvu, bote basikie."

Kwa hiyo kila asubuhi, mvua iwepo isiwepo, mimi mzee wa miaka hamsini na sita mwenye chaki mfukoni nasimama kwenye geti la shule, wanafunzi wakinicheka, na nikimwona anatokea upande wa reli napiga kelele kwa pumzi zangu zote, "Gertrude! Mbuzi haina kamba!"

Naye hupandisha mkoba begani, na hujibu kutoka kule kule mbali, "Niko!"